Nyuki Kumi na Mmoja wa Uongo

Mwaka jana mwezi wa Juni nilimzika panya wa mkuu wa shule, ingawa mkuu wa shule hakuwa na panya wala hakuna mnyama yeyote aliyekufa. Naanzia hapo kwa sababu watu wakisikia habari hii humuuliza bibi yangu, "Huyu aliingiaje kwenye mambo ya maua?" na bibi yangu hujibu, "Kwa mlango wa adhabu, kama anavyoingia kila pahala."

Shule yetu iko Edmonton, kaskazini mwa Landani, imebanwa baina ya reli na safu ya nyumba zilizoshikana mabega. Mwisho wa uwanja wa mpira, karibu na uzio wa reli, pana kipande cha nyasi ambacho mashine ya kukatia haikifikii. Hapo ndipo mwalimu wetu wa biolojia, mama mrefu anayekuja kazini kwa baiskeli, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, alipouona mmea mmoja wenye urefu wa kiganja hadi kiwiko na maua manne. Watoto wa mwaka wa kwanza walisema alipiga magoti akafuta macho. Kesho yake alichomeka vijiti vinne, akavizungushia uzi, akatundika kikaratasi: TAFADHALI USIKANYAGE. Hakueleza usikanyage nini.

Basi mtu kama mie unapompa vijiti vinne, uzi na kikaratasi kisichojieleza, unategemea nini? Nilibadilisha kikaratasi. HAPA AMELALA PANYA MPENZI WA MKUU WA SHULE. ALIKUWA MSIKILIZAJI MZURI. Kufika mwisho wa saa ya chakula, watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wamepanga mstari, vichwa chini, na mmoja ameacha pakiti ya krispi kama sadaka. Mkuu wa shule alipopita kwenda kwenye gari yake, wakampa pole. Msichana mmoja alimshika mkono kabisa.

Lingekuwa kosa la kwanza, yangekwisha kwa kicheko. Lilikuwa la tatu muhula ule. La kwanza, kiunzi cha mifupa cha maabara nilikikalisha chooni kwa walimu na gazeti mkononi. La pili lilikuwa kiunzi kilekile, wiki iliyofuata, kwenye kiti cha mkuu wa shule. Najua, nilijirudia. Hata ubunifu una siku zake za kuchoka.

Barua ya kunifukuza ilikuwa imeshapigwa chapa. Niliiona juu ya meza yake, maneno yamenipa kisogo. Ilibaki sahihi tu. Mama yangu anafanya kazi nyumba ya wazee, zamu zake hazina mpango, na akirudi huwa hana nguvu za kupiga kelele. Alivua viatu, akakaa, akasema taratibu, "Ukifukuzwa, mjomba wako wa Wete ana chumba." Mjomba wangu wa Wete, kule Pemba, ana chumba, ana ng'ombe wawili, na ana imani kwamba kijana anayeamka jua limeshatoka ni mgonjwa. Kila nyumba ya Kizanzibari hapa Landani ina mjomba wake wa namna hiyo, na kila kijana anamjua mwenzake aliyepelekwa likizo ya wiki tatu akarudi baada ya miaka miwili, anasalimia mpaka kondakta wa basi.

Aliyeniokoa ni yuleyule niliyemharibia kikaratasi. Mwalimu wa biolojia aliingia ofisini, akasema, "Nipeni mimi wiki mbili." Masharti yake yalikuwa mepesi mpaka nikamuonea huruma. Kila saa ya chakula nikae hatua mbili kutoka kwenye ule mmea, na daftari. Kila mdudu atakayegusa ua, nimuandike: siku, saa, hali ya hewa, sura yake, alichofanya. Mwisho wa wiki mbili, daftari likiwa zuri, barua itachanwa. Nikicheza, itatiwa sahihi.

"Na kama hakuja mdudu?" nikauliza.

"Andika hakuna. Hakuna nalo ni jibu. Nataka ukweli tu, na mimi sitasogea pale. Nimekuachia wewe."

Kisha akanipeleka maabara kunifunza ninachokilinda. Ni okidi, akasema, na kwa kuwa katikati yake pana mfano wa nyuki, Waingereza wanaiita okidi-nyuki. Jina lake la kitaalamu ni Ophrys apifera. Hilo la kwanza ni neno la Kigiriki la nyusi. Kwa nini nyusi? Wengine wanadhani ni kwa sababu ya manyoya ya pembezoni mwa ua, wengine wanadhani wanawake wa zamani walijipaka nyusi kwa mmea huo, na hakuna mwenye hakika. La pili ni Kilatini: mbeba nyuki.

"Nyusi Mbeba Nyuki," nikasema. "Kama shangazi yangu akienda harusini."

Alitabasamu upande mmoja wa mdomo, akafungua kitabu chenye picha. Ua lina mabawa matatu ya waridi yaliyotandazwa, na katikati mdomo wa kahawia, mnono, wenye malaika, vinyweleo laini kama mahameli, na michirizi ya manjano. Ukilitazama haraka utaapa ni nyuki aliyezamisha kichwa mle ndani, akakuachia wewe upande wa nyuma.

"Halina asali hata tone," akasema. "Linamuiga nyuki jike. Umbo, manyoya, mpaka harufu. Dume anakuja akidhani amepata mke, anajaribu wanachojaribu madume, halafu anaondoka na vifuko viwili vya chavua vimemganda usoni. Akienda ua jingine anadanganyika tena, na ndivyo chavua inavyosafiri."

Nilicheka mpaka nikashuka kitini. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mwalimu mzima ananisimulia mambo haya na si mimi niliyeanza.

"Ngoja," akasema. "Nyuki huyo anakaa huko kusini, pwani za bahari ya Mediterania. Hapa kwetu sijapata kukutana na mtu aliyemuona akiifanya kazi hiyo. Na bado ua linazaa."

"Kivipi?"

"Utakaa, utaona, utaniambia."

Picha ya nyuki mwenyewe ilikuwa ukurasa wa pili: wa kahawia, na pembe za kichwani, yaani papasi, ndefu kama mwili wake mzima. Ikumbuke picha ile, kwa sababu ndiyo iliyonitia shimoni.

Siku ya kwanza nilikaa. Wallahi nilikaa. Niliandika: Hakuna. Siku ya pili: Chungu mmoja, alipanda shina mpaka nusu, akajuta. Siku ya tatu mvua: Hakuna, na mie mwenyewe nusura nisiwepo. Wenzangu uwanjani walikuwa wakipita na mpira, wananipigia kelele, "Shemeji hajambo?" Nikawajibu hajambo ila amenuna. Nilicheza ule mchezo wa nyoka kwenye simu mpaka betri ikafa. Wewe jaribu kulitazama ua saa nzima. Halifanyi kitu. Linakaa tu kama mgeni aliyekataa chai.

Siku ya nne timu ilipungukiwa mtu mmoja. Nikajiambia nakwenda dakika tano. Kengele ilipolia nilikuwa nimefunga mabao mawili, na ukurasa ni mweupe pe. Mkono wangu, nausingizia mkono, ukaandika: Saa saba kasorobo, jua. Nyuki dume, kahawia, pembe ndefu kama mwili. Alikaa juu ya mdomo wa ua sekunde ishirini. Aliondoka na vitu viwili vya manjano usoni.

Nilikisoma mara mbili. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika katika somo la biolojia, na sababu ni kwamba sikuhitaji biolojia.

Toka hapo nilikwenda mpirani kila siku, nikirudi natunga nyuki wangu wawili au watatu, siku ya mvua simtungi mtu, maana hata uongo una heshima zake. Nyuki wa tatu nilimpa haraka ya mtu aliyefika maulidini chakula kimeshatoka. Wa saba alikuja, akaondoka, akarudi, kama aliyesahau funguo. Wa tisa alizunguka ua mara nne bila kugusa, akitafakari, na hapo nikaona nimezidisha, nikamtua. Kufika Jumatano ya wiki ya pili nilikuwa nao kumi na mmoja, na mabao tisa.

Jumatano ile mwalimu aliliomba daftari. Alisoma amesimama. Akavaa miwani, akasoma tena, akavuta kiti.

"Pembe ndefu?" akauliza.

"Ndefu, Miss."

"Kiasi gani? Nionyeshe."

Nikamuonyesha kwa vidole, nikafikiri, nikaongeza kidogo. Nilikuwa nasubiri anicheke; uso wa mwalimu anayekushuku naujua kama ninavyoujua mlango wa nyumbani. Huu haukuwa huo. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi.

"Nilikuwa na umri wako niliposoma habari zake," akasema. "Kila Juni natafuta. Nimetafuta kando za reli, machimboni, makaburini. Na kumbe amekuja hapa, nyuma ya goli." Akacheka peke yake. Halafu akaniambia kwamba Jumamosi, kwenye chama chao cha wapenda mimea, atasimama alisome daftari langu neno kwa neno, na jina langu atalitaja kwanza. Kesho, Alhamisi, jioni ya wazazi, angependa amwambie mzazi wangu mwenyewe. Na mkuu wa shule ameshaambiwa. Barua itachanwa Ijumaa asubuhi.

Kwa hiyo nilikuwa nimepona. Hilo ndilo nililotaka. Nikitia kufuli mdomoni siku mbili tu, Wete hakuna. Nikifumbua, sahihi. Nilirudi nyumbani nimepona hivyohivyo, na sikuweza kumaliza wali.

Mama alikuwa zamu Alhamisi, kwa hiyo akaja Bibi. Inafaa nieleze hapa kazi yangu ya pili. Mie ndiye mkalimani wa nyumba. Toka nina miaka minane nimemfasiria Bibi kwa daktari, kwa watu wa nyumba za manispaa, kwa fundi wa gesi. Ni kazi yenye madaraka makubwa na haina msimamizi. Daktari wa meno akisema mtoto huyu aache peremende, mie nasema, "Anasifu meno." Mwaka uliopita mwalimu wa hesabu alisema akili yangu haitulii, nikamwambia Bibi, "Anasema nina akili nyingi mpaka zinamwagika." Bibi aliniangalia sana siku ile. Kiingereza hakijui, lakini uso anaujua.

Na ananitania, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. Mie ni mume wake. Tuliposhuka kwenye basi akanishika mkono, baibui chini, koti la baridi juu, ingawa ni Juni. "Mume wangu, leo naambiwa una habari njema. Mbona umenyong'onyea kama uliyeposa ukakataliwa?"

"Sijanyong'onyea, Bibi."

"Haya."

Mwalimu alimpokea kwa mikono miwili. Akaanza kusema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ukalimani nilifasiri kila neno kama lilivyo, kwa sababu kila neno lilikuwa sifa. Kwamba mjukuu wake amekaa siku tisa. Kwamba ameona kitu ambacho yeye mwenyewe amekitafuta maisha yake yote. Kwamba ana jicho na ana subira, na Jumamosi daftari lake litasomwa mbele ya chama.

"Nani?" akauliza Bibi.

"Mie, Bibi."

"Muulize kama hakukuchanganya na mwengine."

"Anashukuru sana," nikamwambia mwalimu.

Ilinibidi pia nieleze huyo nyuki ameonekana akifanya nini. Kuna mambo hayafasiriki mbele ya bibi yako. Nikasema dume hulitembelea ua akidhani kuna mkewe.

"Na akifika?"

"Anatoa salamu."

Bibi akajifunika mdomo kwa ncha ya ushungi, mabega yakimcheka. "Mimi nimezaa watoto saba, mume wangu. Salamu nazijua." Akasimama. "Mwambie anipeleke nikalione hilo ua."

Ilikuwa saa moja jioni, jua la Juni bado kali kama la adhuhuri. Tulivuka uwanja watatu, mwalimu mbele. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye uzi, palepale nilipopaswa kukaa mimi, na nyasi za hapo zilikuwa zimesimama wima, mbichi, kama zisizojua tako la mtu. Niliziona. Nikaomba Mungu asizione mwalimu.

Bibi hakusimama na uzi. Aliuruka, akachuchumaa, akalishika ua la juu kwa vidole viwili kama anayemkagua mtoto jicho.

"Eee," akasema. "Hili si ndugu yake vanila?"

Nikamfasiria mwalimu. Akashtuka kwa furaha: ndiyo, vanila nayo ni okidi, amejuaje? Na mie sikujua pia. Bibi akaeleza akiwa amechuchumaa vilevile. Baba yake alileta miche ya vanila shambani kwake Pemba kutoka Ngazija. Mdudu wa vanila kule hayuko, alibaki huko mmea ulikotoka. Kwa hiyo wasichana wenye vidole vyembamba walikuwa wakiamshwa mapema, ua halijafunga, wanapita mche kwa mche na mwiba wa mlimao, wananyanyua kile kiwambo kilicho katikati na kuugusisha unga wa dume na pahala pa jike. Kuozesha, ndivyo walivyoita. "Nilikuwa nikiozesha maua mia kabla ya chai," akasema Bibi. "Mimi ni kadhi wa maua, mwambie."

Nikamwambia. Mwalimu alikuwa anasikiliza kama mtoto.

Halafu Bibi akasogeza uso karibu zaidi. "Ila mume wangu," akasema, na sauti yake ikabadilika, "hapa hapajaja nyuki."

"Anasemaje?" akauliza mwalimu.

"Anasema ni zuri."

"Tazama," Bibi akaendelea, "hili la juu unga wake umo wote, vifuko viwili, havijaguswa. Haya ya chini yamejiozesha yenyewe. Vijiti vyake vya ndani vimelegea vikainama mbele, upepo ukavipiga, vikajigusa papo hapo. Nyuki angekuja angevichukua. Nyuki wako kaja mara ngapi?"

"Kumi na mmoja," nikasema.

"Kumi na mmoja. Na wote wakaondoka mikono mitupu. Ni nyuki hawa, au ni wewe ukiambiwa uoshe vyombo?"

"Anasemaje?" akauliza mwalimu tena. Alikuwa amevaa miwani.

Nilikuwa na sentensi mbili tayari mdomoni, zote nzuri. Nilikuwa na uwezo wa kumfanya Bibi aseme chochote. Nimefanya hivyo miaka saba. Lakini Bibi hakunisubiri. Alichomoa pini kwenye ushungi, akanyanyua ua la juu, na kabla sijapumua akakivuta kifuko kimoja cha manjano kwa ncha ya pini na kukibandika ndani, safi, kama anayebandika stempu.

Mwalimu alipiga ukelele. "Mwambie aache! Hatuligusi! Ndilo la kuchunguza!"

"Bibi, anasema usiguse!"

"Nimeshamuozesha maskini, alikuwa mpweke. Kwani mume mwenyewe hayuko. Mwambie ukweli, mume wangu. Mwanamke wa watu anakwenda kusimama mbele za wenzake."

Sikuwa nimemwambia Bibi habari za Jumamosi ila kwa kufasiri maneno ya mwalimu dakika kumi nyuma. Nilikuwa nimezifasiri vizuri kuliko nilivyodhani.

Nikamwambia. Si kwa ufasaha. Nilisema, "Miss, anasema hakuna nyuki aliyekuja, na ni kweli, nilikuwa mpirani." Halafu nikaona hilo ni fupi mno, nikataja wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, mpaka yule wa funguo. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimewazoea.

Mwalimu hakunigombeza. Alipita juu ya uzi, akachuchumaa upande wa pili wa ua, akakaa pale akitazama zile nyuzi nyembamba za maua ya chini, zilivyoinama na vifuko vyake kichwani. Zilikuwa zikitikisika kidogo kwa upepo wa treni iliyopita. Hilo ndilo jibu la swali lake, na lilikuwa mbele yangu wiki mbili. Ningekaa siku mbili tu ningeliona.

"Na mimi sikuja kutazama," akasema mwisho. "Ningetazama mara moja ningejua. Sikutaka kujua."

Bibi hakuelewa neno, lakini alimpiga yule mama mgongoni pole pole, kama anavyompiga mama yangu akirudi zamu.

Niliambiwa nitoe kalamu. Nikakaa kwenye nyasi, zikalala kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya tatu, nikakata nyuki wangu wote kwa mstari mmoja mmoja. Nilitaka kuwafuta wasisomeke, mwalimu akakataa. "Wakate. Nao watu wawasome." Kisha akaniamuru niandike kilichotokea jioni ile, kama nilivyofunzwa. Niliandika: Alhamisi, saa moja jioni, jua, upepo mdogo. Mgeni: bibi yangu, kutoka Pemba. Chombo: pini ya ushungi. Alikaa kwenye ua muda usiozidi dakika mbili. Chavua imehama.

Ijumaa asubuhi mkuu wa shule alilisoma lote, barua iko karibu na kalamu yake. Nyuki wa tisa alimsoma mara mbili. Alipofika kwa Bibi pembe ya mdomo ilimtikisika, akaidhibiti.

"Makubaliano yalikuwa daftari liwe zuri," akamwambia mwalimu. "Ni zuri?"

Mwalimu alilifungua daftari tena, ukurasa kwa ukurasa. Nilihesabu vigae vya dari, nikafika Wete, nikakamua ng'ombe wa kwanza.

"Siku tatu za mwanzo ni nzuri," akasema. "Na ya mwisho ni nzuri sana. Katikati ni aibu. Yeye ndiye aliyezikata, mbele yangu."

Barua haikuchanwa. Haikutiwa sahihi pia. Iliingia droo ya juu, akaifunga kwa ufunguo mdogo, akautia mfukoni, na iko humo mpaka leo. Sharti lilikuwa moja: kila Juni, mpaka nimalize shule, saa ya chakula ni ya ua.

Jumamosi mwalimu alikwenda kwenye chama chake akasoma ukurasa mmoja tu, ule wa mwisho. Aliniambia Jumatatu kwamba wazee walipiga makofi, na mmoja akauliza kama mgeni yule hupatikana mikoa mingine ya Uingereza. Nilipomfasiria Bibi, alisema waambiwe ni adimu.

Juni hii mmea haukutoa ua. Mwalimu anasema okidi hii ikitaka hujikalia chini ya ardhi, hata miaka, na hakuna wa kuilazimisha. Mie ninalo duara la nyasi lenye umbo langu, vijiti vinne, uzi na kikaratasi cha mwalimu cha zamani, maana hakuna aliyeniruhusu kuandika kingine. Timu imefungwa mara tatu. Kila jioni nikiingia nyumbani Bibi ananiuliza toka jikoni, "Mume wangu, kaja?"

"Hajaja."

"Umekaa lakini?"

"Nimekaa."

Anatoka, ananitazama uso muda wa kutosha, halafu ananionyesha vyombo.